Kutoka Hakimu Mmoja hadi Mwingine: Kuridhisha Wengine katika Rosa Mistika kwa Jicho la Msomaji wa Laela

Msomaji wa Laela, kama wa parokia nyingine za Ufipa, huelewa uzito wa jina la riwaya hii kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Wamisionari wa Afrika walianza kazi Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na Ukatoliki ukaenea hadi uwanda wa juu. Rosa Mistika ni sifa ya Bikira Maria katika litania. Regina, jina la mama yake Rosa, nalo ni la Malkia huyo huyo. Wanawake hawa wametwishwa ukamilifu tangu ubatizo.

Riwaya hii ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971 na kupigwa marufuku shuleni, huhakikiwa zaidi kwa kumlaumu Zakaria. Baba huyu mlevi anamchunga binti yake kupita kiasi na kumpiga kwa sababu ya barua ya Charles; binti anapokuwa mbali na nyumbani, anaharibika. Maelezo hayo yana mashiko, ila yanaita uhuru jambo ambalo si uhuru. Rosa anabadilisha hakimu tu. Nyumbani anajipima kwa hofu ya baba. Akiwa chuoni Morogoro, kwa matakwa ya wanaume. Popote alipopita hakufundishwa kukataa kwa hiari yake mwenyewe. Hata anapojirudi, wema wake unasubiri kuthibitishwa na Charles, naye anamwacha baada ya kugundua kwamba si bikira. Rosa anajiua. Hakuna anayemuuliza Charles kuhusu usafi wake.

Regina amepewa nafasi ndogo mno katika uhakiki. Anapigwa, anavumilia, na nyumba inaendelea kusimama. Kwa binti wa Laela anayeagwa kwenda bweni akionywa asiiaibishe familia, ukimya wa mama kama huyo ni somo zito kuliko fimbo ya baba, kwa kuwa hutolewa kwa upendo.

Udhaifu wa riwaya uko mwishoni. Rosa na Zakaria wanafikishwa mbele ya Mungu, wanashtakiana. Mwandishi aliyefichua mahakama za duniani anamfungulia Rosa nyingine mbinguni, na marehemu analazimika kujieleza tena.