Maktaba ya Louvain na Maneno Yasiyowekwa

Sisi tuliopata kusoma Louvain, huko Ubelgiji, huulizwa mara nyingi na vijana wa parokia: Chuo chenu kilikuwa nyumba ya namna gani? Wengi hudhani ni nyumba moja kubwa yenye ukuta na mlango mmoja. Sivyo. Chuo kikuu cha Louvain, mji ambao Waflama wenyewe huuita Leuven, kimetawanyika mjini kote: hapa koleji, pale kanisa, kule bustani. Lakini iko nyumba moja ambayo mgeni huiona kwanza kwa sababu ya mnara wake, nayo ni maktaba. Leo tunataka kuieleza nyumba hiyo, uzuri wake na makosa yake. Tunaipenda, lakini kumpenda mzee hakukukatazi kuona kwamba anasema mno.

Papa Martino wa Tano alikiruhusu chuo mwaka 1425. Siku zile hakikuwa na nyumba yake. Mwaka 1432 kilipewa nafasi katika soko la wauza nguo, jengo la mawe lililoanzwa mwaka 1317. Basi masomo yakaingia mahali pa kupimia nguo, na baadaye, mwaka 1636, vitabu navyo vikawekwa humo. Jengo lile lina matao mazito, hayana urembo mwingi. Limetengenezwa upya baada ya kuungua, na hata leo ofisi za chuo zimo. Sisi, tukiambiwa tuchague, tungechagua matao yale.

Tumesema kuungua. Usiku wa tarehe 25 Agosti 1914 askari Wadachi waliokuwa wameuteka mji waliutia moto. Watu 248 wa mji waliuawa, na nyumba zaidi ya 1,000 ziliteketea. Maktaba ikawaka pamoja na vitabu vipatavyo 300,000, na ndani yake maandiko ya mkono ambayo nakala yake haiko mahali pengine duniani. Dunia nzima ilishtuka. Vita vilipokwisha, mapatano ya Versailles ya mwaka 1919 yalikuwa na kifungu chake, cha 247, kilichowaamuru Wadachi kulipa vitabu kwa vitabu.

Nyumba ya kuviweka ilitoka Amerika. Wanafunzi na walimu wa huko walichanga, ingawa mchango ulikwenda polepole, hata Herbert Hoover, yule aliyewalisha Wabelji wakati wa vita, akasaidia kuumaliza. Ndiyo maana, ukisimama mbele ya ukuta, unasoma juu ya mawe majina ya shule na vyuo vya Amerika, mamia. Mwenye kuichora nyumba alikuwa Whitney Warren wa New York, mmoja wa waliochora ile stesheni kubwa ya gari la moshi ya mji huo. Jiwe la kwanza liliwekwa tarehe 28 Julai 1921.

Sasa tuseme kazi yenyewe ilivyo. Warren aliiga namna ya Waflama wa zamani: matofali mekundu na mawe meupe, paa kali lenye madirisha madogo, matao chini, na mnara unaopita mita 70. Mwamerika huyu alitaka kuwa Mflama kuliko Waflama. Mtu akipita haraka anadhani nyumba ina miaka mia nne, kumbe haijafika hata karne moja tangu ilipofunguliwa. Hilo si kosa kubwa. Kosa, kwa maoni yetu, ni kwamba mbele yake imejaa vita: wanyama wa mataifa yaliyoshinda, ngao zao, na alama za ushindi kila mahali. Unatafuta maktaba, unakuta kumbukumbu ya vita iliyovaa nguo ya maktaba. Hata kengele za mnara zilikuwa 48, kwa hesabu ya majimbo ya Amerika wakati ule, zawadi ya mainjinia kwa kuwakumbuka wenzao waliokufa vitani.

Ukipanda ngazi na kuingia chumba cha kusomea, mambo yanabadilika. Chumba ni kirefu, madirisha ni makubwa, meza ni za mbao, na mwanga unaingia kwa upole bila kumchoma msomaji macho. Hapo Warren alijua kazi yake. Tulikaa humo siku za baridi kali, sisi watu wa jua, tukiwa na makoti mabegani, wala hatukukumbuka kama kuna wanyama wa mawe juu ya paa.

Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya ukingo wa mawe ulio mbele, chini ya paa. Warren alitaka nguzo fupi za ukingo ziwe herufi zenyewe, zisomeke kutoka uwanjani kwa Kilatini: Furore Teutonico Diruta, Dono Americano Restituta. Maana yake: Imebomolewa kwa ghadhabu ya Wadachi, imejengwa tena kwa zawadi ya Amerika. Ilisemwa kwamba Kardinali Mercier aliyakubali maneno hayo kabla ya kufa kwake mwaka 1926. Lakini mkuu wa chuo, Monsinyori Ladeuze, alikataa. Angalieni, huyu Ladeuze hakuwa mtu aliyesikia habari kwa mbali. Yeye alikuwa mkuu wa chuo hata mwaka 1914, chuo kilichoungua ni chake. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kukasirika, ni yeye.

Mji ukagawanyika. Magazeti yakapigana, Warren akaenda mahakamani, na mwashi mmoja, kwa hasira ya kuona ukingo usio na maneno, alipanda na nyundo akauvunja. Tarehe 4 Julai 1928 nyumba ilifunguliwa bila herufi zile.

Wengine wetu, tulipokuwa wanafunzi, tulimlaumu Ladeuze. Tulisema: Maneno yale yalikuwa kweli, basi kwa nini kuyaficha? Watu 248 si jambo la kunyamaziwa. Twakiri kwamba hoja hiyo bado ina nguvu, nasi tunaotoka Kongo tunajua uchungu wa mambo yaliyotendwa ambayo hakuna jiwe linaloyataja. Lakini tumekuja kuona tofauti. Makaburi ni ya wafu, nayo yastahili majina yao na jinsi walivyokufa. Maktaba ni ya atakayekuja. Kijana Mdachi aliyezaliwa baada ya vita, akija kusoma Mtakatifu Augustino, angepita kila asubuhi chini ya herufi kubwa zinazomwita mchoma vitabu. Na tena lile neno la pili, zawadi ya Amerika: zawadi inayojitangaza juu ya paa imekwisha kuomba malipo.

Herufi zile zilipelekwa Dinant, mji wa Ubelgiji ambako watu 674 waliuawa mwezi ule ule wa Agosti 1914, zikasimamishwa huko mwaka 1936 kwa kuwakumbuka. Tunaona hapo ndipo mahali pake pa haki. Wadachi walirudi mwaka 1940, wakazivunja. Na Louvain, ambako hazikuwako, maktaba iliungua mara ya pili mwezi wa Mei mwaka huo huo, vitabu vipatavyo 900,000. Ladeuze alikuwa amekufa miezi michache mbele. Baada ya vita nyumba ilijengwa tena karibu sawasawa na michoro ya Warren, wanyama wake na yote.

Hasara ya tatu haikuhitaji moto. Mwaka 1968 ugomvi wa lugha kati ya Waflama na wasemao Kifaransa ulikipasua chuo. Wasemao Kifaransa wakaenda kujenga mji mpya, Louvain-la-Neuve, na vitabu vikagawanywa, vingi kwa kufuata namba: hiki huku, kinachokifuata kule. Tunaona haya kusimulia jambo hili, kwa maana Wakristo ndio waliofanya hesabu hiyo.

Binti yake wa Kongo, Lovanium, aliyefunguliwa mwaka 1954 juu ya kilima karibu na Kinshasa na kupewa jina la Kilatini la mji ule, hakuchukua kwa mama yake wala mnara wala matofali ya Kiflama. Tunamshukuru aliyeamua hivyo. Serikali ilikiunganisha na vyuo vingine mwaka 1971, na tangu 1981 nyumba zake ni za Chuo Kikuu cha Kinshasa.

Ukifika Louvain, simama uwanjani, ambao leo unaitwa kwa jina la Monsinyori Ladeuze. Utaona sindano ya chuma yenye mdudu mkubwa juu yake, iliyosimamishwa mwaka 2004. Hiyo iache, si kazi yetu leo. Inua macho mpaka chini ya paa. Utaona ukingo wenye nguzo fupi za mawe zisizo na herufi, na kati ya nguzo na nguzo, njiwa.