Mwalimu wa Sindano na Uzi

Doti ya kanga huuzwa ikiwa kipande kimoja chenye kanga mbili. Sharti ikatwe katikati na kupindwa ncha zake. Katika nyumba nyingi kazi hiyo ndiyo darasa la kwanza la ushonaji, na mwalimu ni mama, bibi au shangazi.

Kazi yake inataka subira. Humfundisha mtoto kulowesha ncha ya uzi ili upite tunduni, kupiga bandi kabla ya kushona, na kukunja pindo mara mbili ili kitambaa kisitoe nyuzi. Mshono ukienda upogo, hamfokei. Huufumua, wakaanza upya. Furushini mwake mna masalia aliyoomba kwa fundi cherehani, kanga zilizochakaa, na vifungo ndani ya kopo la maziwa. Humo hutoka foronya, mwanasesere, kiraka cha sare. Kabla ya kukunja mkeka huhesabu sindano, isije ikamchoma mtu mguu.

Halipwi kwa hayo. Lakini kila anayeweza kurudishia kifungo cha shati lake ana deni kwake. Kama wako yu hai, nenda kamshukuru.