Buibui Ndani ya Nguzo

Katika hadithi za kutisha zinazopendwa Ulaya na Marekani, buibui hakosi. Atashuka juu ya kitanda, atatoka katika tundu la mti, au atakua hata kuipita nyumba kwa ukubwa. Sisi twajiuliza: je, hofu hiyo yatoka kwa mdudu mwenyewe? Hatudhani. Wazande, wa kaskazini-mashariki ya Kongo na nchi za jirani, wana hadithi nyingi za Ture, na maana ya jina hilo ni buibui. Basi Ture ni mlafi na mjanja, tena mara nyingi ujanja wake humrudia mwenyewe. Watu humcheka; hakuna anayemkimbia. Kumbe hofu hutiwa na msimuliaji. Tuone huitia namna gani.

Tazameni kwanza sinema ya Marekani iitwayo Tarantula, ya mwaka 1955. Profesa mmoja katika jangwa la Arizona atafuta chakula kipya, kwa kuwa watu wa dunia wanazidi kuongezeka. Nia njema kabisa! Lakini buibui aliyelishwa chakula hicho atoroka, akua hata kuwa kama kilima, ala ng'ombe na watu. Mwishowe ndege za vita zamteketeza kwa mabomu ya moto. Anapotokea mara ya kwanza juu ya vilima, twakiri, moyo huruka. Lakini ukubwa huchosha upesi. Buibui yule hana neno na mtu yeyote; akisha kuungua, watazamaji huenda zao kulala.

Kinachotutisha kweli ni kitabu cha zamani, Die schwarze Spinne, yaani Buibui Mweusi, kilichotoka mwaka 1842. Mwandishi wake, Jeremias Gotthelf (jina lake halisi Albert Bitzius), alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti huko Lützelflüh, Uswisi.

Bwana wa ngome awalazimisha wakulima kuhamisha miti mikubwa 100 na kuipanda mlimani kwa muda wa mwezi mmoja. Hawawezi. Shetani awatokea kama mwindaji aliyevaa nguo za kijani, naye ataka malipo madogo tu: mtoto mmoja asiyebatizwa. Wanaume wanakimbia. Mwanamke mmoja, Christine, apatana naye, naye ambusu shavuni. Miti yapandwa. Lakini padre ambatiza kila mtoto mara azaliwapo, na wakulima wadhani wamemdanganya shetani. Ndipo doa lile shavuni linapoanza kuwaka, kuvimba, kuota miguu.

Buibui huyu aweza kushikwa mkononi, ila ajua nyumba ya kila mtu. Ng'ombe wanapokufa, wakulima wapatana chinichini kwamba mtoto ajaye atolewe. Kwetu sisi, kurasa hizo zatisha kuliko vifo vyote vinavyofuata. Hamna jitu hapo. Kuna majirani tu wasiotazamana machoni.

Kosa moja hatuwezi kulinyamazia. Gotthelf amtwika Christine karibu mzigo wote, kwa kuwa ni mgeni kutoka Lindau, na mwanamke asiyejua kukaa kimya. Wanaume waliofaidika na mapatano yake walaumiwa pia, lakini kwa sauti ya chini zaidi. Tena mahubiri yake ni marefu, hata kwa watu waliozoea mahubiri.

Lakini jinsi alivyoipanga hadithi! Mama mmoja amkamata buibui kwa mkono mtupu, amsukuma ndani ya tundu la nguzo ya nyumba, agongomea kigingi, kisha afa. Na hayo yote yasimuliwa na babu, miaka mingi baadaye, siku ya karamu ya ubatizo. Wageni wamekula, wameisifu nyumba mpya. Mmoja ameuliza tu kwa nini nguzo mbaya nyeusi imeachwa kando ya dirisha. Babu amjibu. Halafu waitwa mezani tena, kwa maana nyama ingali tele, na kiti kilicho karibu na dirisha hakuna anayekitaka.