Jicho la Utingo

Dereva anayefika Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kutoka Mombasa, zaidi ya kilomita 900 za lami na matuta, hana maneno mengi. Anazima injini, anashuka. "Kijana, niangalizie," anasema, kisha anakwenda kutafuta ugali na mahali pa kunyoosha mgongo. Kuanzia hapo lori na shehena yake ni dhamana ya utingo, mtu asiye na bunduki wala sare, asiyeweza kumwamuru yeyote asogee.

Wengi hudhani kuangalia gari ni kukaa karibu nalo. Mlinzi wa ghala ana geti. Akilifunga, nusu ya kazi imekwisha. Afisa wa forodha hukagua, akaridhika, akageukia lori linalofuata. Utingo amepewa kitu kirefu kilichosimama kando ya barabara kuu, na akiwa upande mmoja haoni wa pili. Kwa hiyo hutegemea masikio. Turubai linalopigwa na upepo lina mlio wake, na linalopasuliwa kwa wembe lina wake. Mpira wa kunyonyea dizeli haupigi kelele, lakini anayenyonya lazima achuchumae, na kokoto chini ya viatu vyake humsaliti. Hata magurudumu huyapima kwa sikio: huyagonga kwa chuma moja baada ya jingine, na lililopungukiwa na upepo hujibu kwa sauti nzito.

Kipimo kigumu zaidi ni foleni ya kuvuka mpaka inaposogea saa nane usiku. Amwamshe dereva kwa ajili ya mita kumi? Asipomwamsha, lori jingine litajipenyeza. Akimwamsha kila mara, kesho usukani utashikwa na mtu anayesinzia. Utingo mzuri husoma foleni mbele yake, akajua kusogea kupi ni kwa kweli na kupi ni kwa madereva wachache waliokosa subira. Sijui kazi nyingine ambamo kumwacha mkubwa wako alale ni uamuzi mzito hivyo.

Busia, kwenye mpaka huohuo, ni habari nyingine. Kule mji umekumbatia barabara yenyewe: bodaboda, wabadilisha fedha, kina mama wenye ndoo za omena, wafanyabiashara walemavu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Mchana kutwa kila mtu anapita karibu na lori, na karibu wote hawana nia mbaya. Utingo mgeni humfukuza kila mpita njia na kufikia saa sita amechoka, amechukiwa. Mzoefu hupiga soga na muuza mahindi, naye muuza mahindi humwonya anapomwona mtu amezunguka gari mara ya pili.

Teknolojia imekuja, na sina ugomvi nayo. Tangu 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zina mfumo wa pamoja wa sili za kielektroniki, unaotoa taarifa sili ikichezewa au lori likiacha njia yake. Lakini sili hulinda mlango. Betri, gurudumu la akiba na tangi la dizeli bado ni vya utingo. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018, kilipunguza kungoja, kwa kuwa lori linaloingia Uganda hukaguliwa mara moja tu, ng'ambo, na maafisa wa nchi zote mbili. Kikwazo kikitokea, hata hivyo, foleni hurudi nyuma upande wa Kenya, mbali na ofisi yoyote. Mwaka 2020, wakati wa vipimo vya korona, ilirefuka kwa makumi ya kilomita. Siku kama hizo utingo wa malori jirani hugawana zamu, mmoja akiangalia magari mawili au matatu ya watu asiowajua.

Baadhi ya wenye malori wamemwondoa utingo ili kuokoa mshahara. Ni hesabu rahisi kufanya, kwa sababu kisichoibwa hakiandikwi popote. Hati za safari zina namba ya gari, namba ya sili na jina la dereva. Utingo huvuka kwa kitambulisho chake cha taifa, amepanga mstari mmoja na abiria wa mabasi.