Picha ya Lubumbashi: Sanaa ya Majaribio na Lugha ya Uhakiki Wake

Makala haya yanahakiki mchango wa Picha, kundi la wasanii lililoanzishwa mwaka 2008 mjini Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Sammy Baloji, Patrick Mudekereza na wenzao. Hoja yetu ni kwamba kundi hili limepanua sanaa ya majaribio katika ukanda huu, ilhali mjadala unaolizunguka umekipa kisogo Kiswahili, lugha iliyolipa jina.

Mwelekeo wake unaeleweka vyema kupitia *Mémoire*, mfululizo wa Baloji uliotangulia kuundwa kwa kundi. Vibarua wa enzi ya ukoloni, waliokatwa kutoka picha za kumbukumbu zisizo na rangi, wamesimamishwa ndani ya picha za rangi za magofu ya viwanda vya Gécamines. Kiungo hakikufichwa: mtazamaji anatambua mara moja kwamba watu na mahali si wa wakati mmoja. Hivyo, kazi hii hailii tu fahari ya shaba iliyopotea. Inauliza fahari hiyo ilikuwa ya nani.

Swali hilo limepata jukwaa katika tamasha la Picha, lililoanza mwaka 2008. Simon Njami aliliongoza kisanaa mwaka 2010, na Elvira Dyangani Ose mwaka 2013. Wasanii wa Kongo wamekutana humo na wenzao wa nchi nyingine, na Lubumbashi imekuwa mahali pa kuonyesha na kujadili sanaa, si pa kuisafirisha tu.

Hata hivyo, mada za matoleo ya 2015 na 2017, *Réalités filantes* na *Éblouissements*, zilitangazwa kwa Kifaransa. Inaweza kutetewa kwamba Kifaransa huwaunganisha wasanii wa mataifa mengi. Utetezi huo una uzito, lakini hauthibitishi kwamba Kiswahili hakiwezi kazi hiyo. Katika miaka ya 1970, mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alimfafanulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya nchi yake, picha baada ya picha, kwa Kiswahili cha Katanga. Uhakiki wa sanaa kwa Kiswahili, basi, si jambo la kubuniwa leo. Ni urithi ulioachwa bila kuendelezwa.

Lawama haiwaangukii wasanii peke yao. Sisi wataalamu tumezoea kuhakiki riwaya na ushairi, na Kiswahili cha Lubumbashi tumekitazama kama kosa la kusahihishwa. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Sera ya lugha isiyoifikia kuta za maonyesho itabaki ya ofisini. Tunapendekeza mazungumzo ya wasanii yarekodiwe katika lahaja yao, istilahi za uhakiki zichotwe humo kabla ya kuundwa nyingine mezani, na maelezo ya maonyesho yaandikwe pia kwa Kiswahili. Mjukuu wa kibarua aliyemo pichani anastahili kuisoma picha hiyo kwa lugha ya nyumbani kwake.