Tamko la Dodoma na Fundisho la Toba: Uchambuzi kutoka Isaka

Tamko la kanisa halina budi kupimwa kwa kipimo kile kile ambacho kanisa hulipimia kila neno linenwalo kwa jina la Kristo, yaani Maandiko Matakatifu na Maungamo yetu. Katika makala hii tunakusudia kulipima Tamko la Dodoma, ambalo maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania walilitoa mwaka 2010 juu ya ndoa za watu wa jinsia moja. Hatuandiki ili kuligeuza fundisho la kanisa juu ya ndoa. Twauliza swali moja tu: je, jinsi tamko hili linavyopokelewa na kutumiwa katika sharika zetu, fundisho la toba linajengwa au linafupishwa?

Asili ya tamko

Historia yake yafahamika. Mwaka 2003 Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, uliofanyika Winnipeg, Kanada, ulikuta makanisa wanachama yamegawanyika juu ya ndoa, familia na ujinsia. Mwaka 2004 maaskofu wetu walitoa Tamko la Bukoba. Baraza la Fungamano lilipokutana Lund mwaka 2007 lilipokea taarifa ya kikundi kilichopewa kazi ya kulichunguza jambo hilo, nayo makanisa yakaombwa kuendelea kuzungumza kwa kuheshimiana. Lakini mwaka 2009 mambo mawili yalitukia kwa kufuatana. Mwezi Agosti Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani, katika mkutano wake wa Minneapolis, liliufungua utumishi wa kichungaji kwa watu walio katika maagano ya kudumu ya jinsia moja. Mwezi Oktoba Kanisa la Uswidi liliamua kufungisha ndoa za namna hiyo. Dodoma ilikuwa jibu la maamuzi hayo. Maaskofu walithibitisha kwamba ndoa ni ya mume na mke, wakakataa kwamba walio katika ndoa za jinsia moja, na wanaozitetea, wakaribishwe kutumika katika KKKT, wakakataa pia fedha na ushawishi wao.

Nguvu ya tamko

Ni haki kuanza na lililo jema. Tamko lilizungumza na wakubwa bila kuogopa. Kanisa la Uswidi lilituletea wamisionari. Bengt Sundkler, askofu wa kwanza wa Kanisa la Kilutheri la Bukoba, alitoka huko. Kumwambia aliyekulea kwamba hukubaliani naye, hali bado unapokea msaada wake, si jambo jepesi. Tena tamko lilikataa dhana kwamba makanisa ya Afrika husubiri kuambiwa yasome nini katika Biblia. Kwa hoja yake ya msingi, kwamba Mwanzo 1 na 2 na maneno ya Bwana katika Mathayo 19 huiweka ndoa juu ya uumbaji wa mume na mke, tamko linasimama pamoja na sehemu kubwa ya kanisa la vizazi vyote.

Wenzetu wa Kaskazini nao wana hoja, na mwanafunzi wa theolojia asiyeweza kuzieleza kwa haki hajajiandaa kuzijibu. Wao husema kwamba Warumi 1 yazungumza juu ya ibada ya sanamu na tamaa ya kutumiana, si juu ya agano la uaminifu wa maisha yote, ambalo Mtume hakulijua. Sisi twajibu kwamba hoja ya Paulo inatoka katika uumbaji, haitoki katika desturi za Rumi peke yake. Lakini tukisha kujibu hivyo, hatuwezi kuifunga Biblia mwishoni mwa sura ya kwanza. Sura ya pili yaanza kwa kumgeukia yule aliyekuwa akiitikia kwa furaha wakati wengine wakihukumiwa, naye anaambiwa kwamba hana udhuru. Mtume aliyajenga mashtaka yake hatua kwa hatua ili kumfikia msikilizaji huyo. Mahubiri mengi tunayoyasikia juu ya jambo hili humaliza pale ambapo Mtume alikuwa anaanza.

Toba ya vipande

Hapa ndipo penye kiini cha uchambuzi wetu. Mwaka 1517, katika hoja ya kwanza kati ya zile 95, Luther alifundisha kwamba maisha yote ya waamini yawe ya toba. Mwaka 1537, katika Makala za Smalkaldi, aliwashutumu waliofundisha toba ya vipande, ambayo mtu huhesabu matendo fulani na kuyaacha mengine. Toba ya kweli, kwa fundisho lake, haibishani juu ya lipi ni dhambi na lipi si dhambi ndani yetu. Humtia mtu mzima chini ya hukumu, ili mtu mzima apate kusamehewa. Ungamo la Augsburg, ibara ya XII, husema toba ina sehemu mbili: hofu inayoishika dhamiri kwa kuijua dhambi, na imani inayozaliwa na Injili na kuamini kwamba dhambi zimesamehewa kwa ajili ya Kristo.

Kwa kipimo hiki makosa yapo pande mbili. Kanisa likisema kwamba katika eneo fulani la maisha hakuna haja ya kuuliza habari za toba, limekata kipande. Lakini kanisa linaloihubiri toba kwa dhambi ya watu wa Stockholm, ambao hawapo ibadani, nalo limekata kipande. Tena limekata kile ambacho wasikilizaji wake hawatakikosa. Dhambi ya mbali ni rahisi kuhubiriwa. Haimtoi mzee wa kanisa jasho, wala haipunguzi sadaka.

Tuitazame Isaka yenyewe. Hapa reli ya Tabora hadi Mwanza hukutana na barabara ya malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo, na bandari ya nchi kavu hupokea mizigo ya mataifa. Upande wa Kahama na Geita kuna dhahabu ya Bulyanhulu, na maduara ya wachimbaji wadogo yasiyohesabika. Vijana wengi huishi mbali na wake zao, na wasichana wengi huishi kwa kuuza chakula na miili yao katika vituo vya malori. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Shinyanga wanawake 59 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Katika Kanda hii ya Ziwa wazee wanawake wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na watu wenye ualbino wamekatwa viungo ili watu wengine wapate utajiri wa madini na samaki. Baba aliyepokea ng'ombe kwa binti wa miaka 15 huketi kanisani. Dereva mwenye nyumba ndogo Isaka na nyingine mpakani hutoa ahadi ya jengo. Watu hawa wakisikia toba ikihubiriwa kama habari ya Wazungu na ndoa zao, watarudi nyumbani wakiwa wamefarijika bila ya kutubu. Hiyo si faraja ya Injili.

Swali la ibara ya XXIII

Kuna swali gumu zaidi, na kwa maoni yetu halijajibiwa vya kutosha na upande wetu. Ungamo la Augsburg, ibara ya XXIII, lilikataa sheria ya kuwalazimisha makasisi kukaa bila kuoa. Sababu iliyotolewa ni kwamba useja ni karama, na karama haigawiwi kwa amri. Anayelazimishwa pasipo karama huangukia maovu makubwa zaidi. Sasa yupo mtu katika usharika ambaye tangu ujana wake hakuwahi kuvutwa na jinsia nyingine. Kanisa, kwa kulishika fundisho lake, linamwambia kwamba hawezi kufunga ndoa na amtakaye. Basi linamtaka ashike useja ambao baba zetu walisema hauwezi kuamriwa. Anayelitetea fundisho hili, nasi tu miongoni mwao, hana budi kukiri kwamba anamtwisha mwenzake mzigo ambao Maungamo yetu yenyewe yanaujua kuwa ni mzito. Hilo halilibatilishi fundisho. Lakini laondoa haki ya kulisema kwa dhihaka, na lamdai msemaji akae na mwenye mzigo.

Jibu ambalo jamii yetu hulitoa kwa haraka ni kumwoza. Katika Usukuma mwanamume asiye na mji wake haheshimiwi barazani, na ndugu huona kwamba akipata mke yote yatakwisha. Mchungaji huombwa kubariki ndoa kama dawa. Twasema wazi kwamba hili ni kosa dhidi ya amri ya sita na ya nane kwa pamoja, maana binti wa watu huletwa madhabahuni kuapiwa upendo ambao wote waliopanga arusi wanajua haupo. Kanisa lililosimama kidete Dodoma kuitetea ndoa haliwezi kuifanya ndoa iwe kifuniko. Atakayelipa gharama ni mke, na hakuna tamko lililomtaja.

Juu ya kuvutwa kwenyewe, ibara ya II ya Ungamo la Augsburg yatufundisha kwamba wanadamu wote huzaliwa na tamaa iliyoharibika, na kwamba uharibifu huo ni dhambi kweli. Kwa hiyo hakuna kundi la watu wenye asili ya dhambi na kundi jingine lisilo nayo. Katika 1 Wakorintho 6 Paulo anataja orodha ndefu, ndani yake wamo wazinzi, wevi, wachoyo na walevi, kisha anawakumbusha wasomaji kwamba baadhi yao walikuwa watu wa namna hiyo, nao wameoshwa. Orodha ile ilisomwa mbele ya usharika uliokuwa na watu hao ndani yake. Tukiisoma kana kwamba wahusika wako nje ya mlango, tumeisoma tofauti na ilivyoandikwa.

Maneno tunayoyatumia

Katika sura hiyo Biblia ya Union Version hutumia maneno wafiraji na walawiti. Lakini katika Kiswahili cha leo, mahakamani na magazetini, ulawiti ni neno linalosikika sana juu ya watoto wa kiume walioharibiwa na watu wazima. Mchungaji alitumiapo kwa kila jambo, wasikilizaji huona mambo mawili kuwa moja. Madhara yake ni mawili. Mtu mzima mwenye kupambana na nafsi yake huhesabiwa kuwa ni hatari kwa watoto. Na aliyemwaribu mtoto, tena mara nyingine ni ndugu wa karibu au mwalimu mwenye kuheshimiwa, huitiwa maombi ya faragha, kana kwamba kosa lake ni udhaifu wa mwili tu. Hapo kanisa halina la kujadili: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humtaka kila mtu atoe taarifa mtoto anapodhulumiwa, na aliyeumizwa ndiye wa kwanza kulindwa.

Siri ya maungamo na marudi

Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho asili yake ni sheria za wakoloni, chaweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30. Mwezi Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam aliwaita wananchi wapeleke majina ya wanaoshukiwa, na siku chache baadaye Serikali ikatangaza kwamba huo haukuwa msimamo wake. Mchungaji anayehubiri toba katika mazingira haya hana budi kujiuliza: atakayekuja kutubu, atakuja kwa nani, na neno lake litalala wapi? Uamsho wa Afrika ya Mashariki, uliotoka Gahini, Rwanda, na kuwalea akina Josiah Kibira kule Bukoba, ulitufundisha kuungama mbele ya ndugu na kutembea nuruni. Twamshukuru Mungu kwa urithi huo. Lakini ungamo linalotoka kikundini jioni na kufika kwa mwenyekiti wa kijiji asubuhi si nuru. Ibara ya XI imetuachia maungamo ya faragha pamoja na ondoleo la dhambi. Tuyarudishe, na siri yake iwe siri.

Vivyo hivyo marudi. Mahali pengi binti mwenye mimba hutengwa na Meza ya Bwana, na aliyempa mimba huendelea kuimba kwaya. Marudi yasiyo sawa huwafundisha watu kwamba dhambi ni kuonekana. Yakitumiwa hivyo kwa jambo hili, tutapata waongo hodari, wala hatutapata waliotubu.

Hitimisho

Mwaka 1977 Fungamano lilikutana Dar es Salaam, likamchagua Kibira kuwa Rais wake, likatangaza kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni jambo la ukiri wa imani wenyewe. Wako wanaosema kwamba ndoa nayo imefikia kiwango hicho, na mwaka 2013 Kanisa la Mekane Yesus la Ethiopia lilivunja ushirika na makanisa ya Uswidi na Marekani. KKKT haikufika huko. Uhusiano wa Iringa na Sinodi ya Saint Paul, Minnesota, uitwao Bega kwa Bega, uliendelea. Wengine huuona huo kuwa unafiki. Sisi twaona kwamba waweza kuwa uaminifu, endapo pande zote mbili zitaendelea kuulizana juu ya Maandiko bila kununuana.

Tamko la Dodoma lilisema ndoa ni nini, na kwa hilo twaliunga mkono. Kazi iliyobaki ni ya wachungaji na wainjilisti: kuihubiri toba nzima kwa watu wote, wahubiri wakiwa wa kwanza. Siku mtu atakapobisha hodi usiku katika nyumba ya mchungaji, aseme jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu, hatauliza maaskofu waliamua nini mwaka 2010. Atataka kujua kama ibara ya XII ni kweli hata kwake. Anayemjibu awe ameijaribu kwanza juu ya nafsi yake.