Herufi Zinapoachana: Juu ya Kuonyesha Hati za Kiswahili kwa Slaidi

Katika kongamano moja la lugha, mwandishi wa makala haya alionyesha ukutani beti kumi za utenzi wa kale, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Katika kompyuta yake beti hizo zilikuwa barabara. Katika ile ya ukumbini herufi ziliachana, na mahali pengine pakatokea visanduku vitupu. Mzee mmoja wa Lamu, aliyealikwa kuzisoma, alitazama kitambo, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, haya hayasomeki." Mwenyekiti alilaumu mitambo. Hoja yetu ni kwamba kosa lilikuwa la mhakiki wa matini, yaani letu.

Aghalabu faili ya PowerPoint haibebi maumbo ya herufi; hubeba misimbo yake pamoja na jina la fonti. Kompyuta isiyo na fonti hiyo huteua nyingine badala yake. Kwa herufi za Kirumi hasara huwa ndogo: mstari hurefuka, au neno huteremka chini. Kwa herufi za Kiarabu mambo ni mengine. Nyingi zina sura nne, ya peke yake, ya mwanzo, ya kati na ya mwisho, na ni kazi ya programu na fonti kuziunga. Isitoshe, alfabeti ya Kiarabu ina herufi 28, wala haina p, v wala ch. Wanakili wengi wa zamani waliiandika p kwa herufi ya be, wakamwachia msomaji hukumu. Wengine wakatumia herufi ya Kiajemi yenye nukta tatu chini. Fonti mbadala ikiikosa herufi hiyo, kompyuta huweza kuiazima katika fonti nyingine, na neno likakatika papo hapo. Isipopatikana popote, hutokea kisanduku.

Nukta hizo si pambo. Katika maandishi hayo, "paa" na "baa" hutofautiana kwa nukta tu. Mhakiki anayeweka nukta tatu pale ambapo mnakili aliweka moja ametoa hukumu juu ya maana ya mshororo. Kisanduku huifuta hukumu hiyo mbele ya wale wanaostahili kuipima. Kwa hiyo slaidi ya matini ni toleo la matini, na mwenye kuionyesha anawajibika kwa kila herufi kama anayechapisha kitabu.

Wako wanaokwepa tatizo kwa kuonyesha herufi za Kirumi peke yake. Hao humnyima msikilizaji ushahidi. Wengine hubandika picha ya hati. Njia hii ina uaminifu wake, kwani mkono wa mnakili huonekana; lakini picha haionyeshi uamuzi wa mhakiki, wala maneno yake hayatafutiki kwa urahisi. Inafaa iwekwe kando ya matini, isichukue nafasi yake.

Dawa yenyewe si ngumu. Kwanza, matini iandikwe kwa misimbo ya Unicode, mfumo ulioanza kutolewa mwaka 1991, ambamo p hiyo ina msimbo wake, 067E. Pili, ichaguliwe fonti inayoruhusiwa kusambazwa bure, kama Scheherazade au Amiri, na ipachikwe ndani ya faili wakati wa kuihifadhi, leseni ikiruhusu. Tatu, iwepo nakala ya PDF iliyobeba fonti zake. Nne, slaidi zijaribiwe katika kompyuta ya ukumbini kabla wasikilizaji hawajaketi.

Katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua wa Mombasa alipomnakilia W. E. Taylor mashairi ya Muyaka, wino ukishakauka herufi ilibaki vile vile alivyoiandika, popote ilipopelekwa. Sisi hatuna tena dhamana hiyo. Msomaji wa Lamu aliyeshindwa kusoma utenzi wa kwao hakushindwa na hati. Alishindwa na uzembe wetu, na kuurekebisha ni sehemu ya uhakiki.